Tita la Majani

Kijana mmoja wa miteremko ya Kilimanjaro, alipokuwa katika mwaka wa tatu wa masomo ya sekondari, alisikia darasani neno lililomchoma moyo. Mwalimu wa fizikia alisema kuwa mtu akishuka mlima, kisha akapanda na kurudi pale pale alipoanza, jumla ya kazi ambayo uvutano wa dunia umeufanyia mwili wake ni sifuri. Wenzake waliandika. Yeye aliweka kalamu chini, maana alimkumbuka mama yake.

Kwao kihamba kimejaa migomba na kahawa, wala hapana nafasi ya malisho. Ng'ombe hulishwa bandani. Mama huyo huteremka alfajiri mpaka tambarare, hukata majani, akapanda nayo kichwani hali jua limekwisha kuwa kali. Kijana aliuliza, kwa adabu lakini kwa uchungu, kama mwanamke wa namna hiyo naye huandikiwa sifuri.

Mwalimu hakucheka. Alifunga jiwe kwa uzi, akalitundika kwenye msumari juu ya ubao, akalivuta upande mmoja mpaka kwenye alama ya chaki, akaliachia. Jiwe lilikwenda upande wa pili likapanda karibu sawa na kimo lilichotoka. Kisha alipigilia msumari wa pili chini ya ule wa kwanza, uzi ukajikunja hapo katikati ya safari, na jiwe likalazimika kufuata njia fupi zaidi. Hata hivyo lilipanda kimo kile kile. Galileo alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638, na tangu hapo jiwe halijabadili tabia: halijali njia, hujali kimo tu.

Kani yenye tabia hii hufanana na mtu mwaminifu aliyewekewa amana. Ukiinua kitu, unaweka. Ukikiteremsha, unarudishiwa ulichoweka, hakuna senti inayopotea, uwe ulipita njia iliyonyoka au ya kuzunguka. Amana hiyo ndiyo nishati ambayo Mskoti Rankine aliipa jina mwaka 1853, nishati iliyo tayari lakini bado haijatenda. Msuguano ni kinyume chake. Sukuma sanduku sakafuni hata ukutani, kisha lirudishe: umelipa kwenda na umelipa kurudi, na malipo yote yamegeuka joto. Kadiri njia inavyorefuka ndivyo ushuru unavyozidi. Mtu wa namna hii hakabidhiwi mali ya yatima.

Ndipo hesabu ilipofanywa ubaoni. Tita la kilo 30, likipandishwa mita 500, na kila kilo ikivutwa kwa nyutoni 9.8, hupata jouli 147,000. Ukigeuza kiasi hicho kwa kipimo cha chakula, ni kilokalori 35 hivi, yaani kama theluthi ya ndizi moja mbivu. Darasa liliangua kicheko. Asubuhi nzima ya mwanamke, theluthi ya ndizi!

Lakini mwalimu alikuwa hajamaliza. Mwili wa mama, tuseme wa kilo 60, nao una amana yake juu mlimani, jouli 294,000. Anaposhuka hurudishiwa yote. Je, huipeleka wapi? Hawezi kuigeuza mbio, maana angeanguka. Huizuia kwa magoti na mapaja, hatua kwa hatua, nayo huishia kuwa joto ndani ya misuli. Kwa hiyo wakati wa kupanda hana akiba ya kumsaidia, hulipa upya kwa chakula alichokula. Na msuli ni mlipaji wa gharama kubwa: katika chakula unachokitumia, kama robo tu, au pungufu, ndiyo hutokea kuwa kazi ya kuinua, iliyosalia ni joto na jasho. Hata ukishika mzigo umesimama kimya, fizikia haiandiki kazi yoyote, ilhali msuli unaendelea kula. Sifuri ile ni ya daftari la uvutano peke yake. Daftari la mama ni jingine, nalo halifungwi kwa sifuri.

Pengine kosa ni la wataalamu, waliochukua neno kazi kwa watu wanaolima na kubeba, wakalipunguza maana, kisha wakalirudisha shuleni bila kuomba radhi.

Likizo ilipofika, kijana alishuka na mama yake kukata majani. Walipofika penye njia panda, mama alishika njia ya kuzunguka. Kijana, kwa kuwa kimo ni kimoja, alishika ya mkato. Alitua tita mara tatu. Alipofika nyumbani miguu ikitetemeka, alimkuta mama bandani akiwagawia ng'ombe.

"Mama, kimo si ni kile kile?"

"Ni kile kile, mwanangu. Lakini wewe umekimeza kwa matonge makubwa."

Akampa maji ya kunywa, akamngoja apumzike, kisha akamkumbusha kwamba tita moja limebaki bondeni, akamwonyesha kwa kidole njia ya kuzunguka.