Mkono wangu begani mwake

Leo siwaletei habari ya bei ya unga wala ya barabara. Nawaeleza kosa langu mwenyewe.

Nilikwenda kwenye kambi moja ya wahami wa vita hapa Kalemie, kusalimia watu wa kwetu Piana-Mwanga. Pale bombani nikaona mgongo wa mama mmoja ninayemfahamu tangu nyumbani, kando ya mto Luvua. Kwa furaha nikamfuata kimya kimya, nikamwekea mkono begani.

Alipiga kelele. Bidoni ikaanguka, maji yote yakamwagika, naye akachuchumaa chini, mikono kichwani. Wengine kwenye foleni walicheka. Mmoja akasema ana pepo. Mwingine akasema ni majivuno tu, tangu afike hampi mtu mkono. Mimi nikabaki nimesimama, sijui mkono wangu niuweke wapi.

Sisi ni watu wa kugusana. Tunashikana mikono mpaka maongezi yaishe, mtoto anapita mapaja kumi kwa siku moja. Kwa hiyo anayekataa mkono tunamhukumu upesi.

Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, ndiye aliyenifungua macho. Alisema mtu aliyewahi kukamatwa kwa nguvu, mwili wake hauachi kukesha. Ukimgusa ghafla, hasa kwa nyuma, moyo unakimbia, jasho linatoka, miguu inakufa ganzi. Akili inajua huyu ni jirani, lakini mwili umekwisha kutoroka. Si wanawake waliobakwa peke yao. Kuna wanaume waliofungwa kamba, kuna watoto waliovutwa usiku wakati wa kukimbia. Tangu mapigano ya Batwa na Baluba yalipopamba moto mwaka 2016, watu wa pande zote mbili wamehama na hofu hiyo mwilini. (Na aliyebakwa, afike kituo cha afya kabla saa 72 hazijapita, apate dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi. Lakini hata zikipita, aende tu, bado anaweza kusaidiwa.)

Mama yule sikumuuliza yaliyompata. Hayanihusu.

Baba mmoja alinilalamikia kwamba mkewe anamsukuma usiku, na kwamba ukoo wake unamwambia amrudishe kwao. Nilimpeleka kwa muuguzi yule. Aliambiwa kwamba kumvuta mke kwa nguvu ni kumrudisha kulekule alikotoka. Aulize kwanza, na akiambiwa hapana, akubali. Alitoka bila kusema neno. Sijui kama alikubali. Na watoto, jamani, tusiwasukume kwa wageni eti wasalimie.

Niliporudi kambini nilipita mbele, mahali ambapo mama angeniona. Nikamwita kwa mbali, nikainama kidogo na kupiga makofi taratibu, kama tunavyosalimia wazee wetu. Hakuna anayemgusa mwenzake katika salamu ile, na heshima haipungui. Alinitazama. Kisha naye akapiga makofi.

Jumapili iliyopita nilimuuliza, "Mama, nikubebee bidoni?" Akaikubali. Tulipofika kwenye kibanda chake akanionyesha kwa kidole pa kuiweka, hatua mbili kutoka aliposimama. Nikaiweka palepale.