Masale na Mbwa wa Holili

Holili ni mji wa mpakani; ukivuka, uko Taveta. Malori hupita usiku na mchana, na mwenye kiwanja kando ya barabara hamkosi mbwa wa ulinzi.

Bibi mmoja alipohamia huko alizungushia kiwanja chake masale, miche aliyoikata kihambani, kwenye kaburi la babaye. Kwa Wachaga, sale ni jani la amani: aliyekosa humpelekea aliyekosewa, na ugomvi huisha. Ndilo pia alama ya mpaka.

Bibi hakujua kwamba jani hilo ni sumu kwa mbwa. Kijibwa chake, kilichofungwa mnyororo kando ya ua, kililitafuna kwa kukosa la kufanya. Kikatapika, kikalegea, kisile siku mbili. Kilipopona, swali likambakia mwenyewe: ang'oe ukumbusho wa baba, au akihatarishe kiumbe kinachomlinda?

Hakung'oa. Alijenga wigo wa mabanzi hatua mbili ndani ya masale, akaacha njia ya kuzunguka, kwa kuwa mbwa hulinda kwa kutembea. Aliweka kivuli, na maji katika chungu kizito kisichopinduka. Mbarika aliung'oa, maana mbegu zake huua. Na mnyaa pia, ambao utomvu wake huunguza macho. Mwishowe aliufungua mnyororo.

Msomaji wa pwani, aliyezoea kumwepuka mbwa, huenda akatabasamu. Lakini ndivyo ilivyo: masale yangali mpakani, na usiku mbwa hupita kando yake, akiwabwekea wapitao.