Makala Iliyorudishwa
Msomaji wangu, mwaka 2016 nilipeleka makala ya utafiti kwa jarida moja. Kazi ya miaka miwili ilirudishwa baada ya siku tatu, haijasomwa. Nilighadhibika. Kisha nikayafungua maagizo kwa waandishi, niliyoyapita awali kama mtu apitaye makaburini usiku. Kumbe jina langu lilikuwa juu ya kila ukurasa, na wasomi wapimao makala hawatakiwi kumjua mwandishi, wasije wakampendelea au wakamwonea. Jina nililiondoa kwa dakika chache. Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni, ndiyo iliyonitesa: ilitakiwa isizidi maneno 250, yangu ilikuwa na 410. Mwaka 1953 Watson na Crick walilieleza umbo la DNA kwa ukurasa mmoja na ziada kidogo. Mimi nilikesha siku nne nikifuta maneno 160, na kila neno nililolifuta lilinililia.