Ua la Mifuko Miwili

Msomaji, wengi waingiao katika msitu wa milimani hutazama juu. Huvutwa na mitarakwa mirefu, na kuvumwani ining'iniayo matawini mfano wa ndevu za wazee. Siwalaumu, kwani mimi pia hutazama. Lakini leo nakusihi uiname. Chini, penye majani yaliyooza na giza la mchana, mvua zikisha kukolea, huchipuka ua ambalo kimo chake aghalabu hakipiti shubiri moja. Ni okidi, si ya zile zikaazo juu ya miti, bali ya ardhini, yenye kiazi kidogo mno udongoni.

Wataalamu huiita Disperis. Jina hilo lilitolewa mwaka 1800 na Mswidi Olof Swartz, na asili yake ni maneno ya Kiyunani yenye maana ya mifuko miwili. Jenasi hii ina spishi zipatazo 80, zilizotapakaa Afrika, Madagaska na hata Bara Hindi. Mojawapo imepewa jina la Kilimanjaro. Shina ni jembamba kama uzi wa kushonea gunia. Majani huwa mawili au matatu, pengine moja tu, na iko jamaa moja isiyo na majani ya kijani kabisa.

Ua lenyewe ni la ajabu, na ningependa ulitazame kwa utulivu. Sepali ya nyuma imeungana na petali mbili, zikafanya kitu kama kofia. Sepali mbili za kando zimetanda kama mabawa, na kila moja ina kibonyeo kidogo. Hiyo ndiyo mifuko yenyewe. Katika okidi nyingi mdomo wa ua hujitokeza mbele, uwe uwanja wa wadudu kutua. Huu umepindwa nyuma ukafichwa ndani ya kofia, kama mtu afichaye fedha kilembani. Huko Afrika ya Kusini imegunduliwa kwamba baadhi ya maua haya hayatoi asali bali mafuta, na nyuki wa kundi la Rediviva huyakusanya kwa miguu ya mbele, wakayapeleka kulishia watoto wao. Nyuki achotaye mafuta badala ya asali! Mimi sijachoka kulistaajabia jambo hili.

Sasa tuje kwenye mbegu, maana hapo ndipo penye siri. Mbegu ya okidi ni vumbi. Charles Darwin alihesabu katika okidi moja ya ardhini ya Uingereza, akakisia kwamba mmea mmoja huweza kutoa mbegu 186,300. Alipiga hesabu akaona kwamba vitukuu vya mmea mmoja, kama vyote vingeota, vingekaribia kuifunika nchi kavu yote ya dunia. Mbona basi hatuzikanyagi kila tuendapo? Punje ya mahindi huzaliwa na masurufu yake ya safari. Mbegu ya okidi huzaliwa mikono mitupu. Mwaka 1899 kijana Mfaransa, Noël Bernard, akiwa katika utumishi wa askari, aliona msituni Fontainebleau miche michanga ya okidi, na alipoichunguza akakuta ndani yake nyuzi za kuvu. Kuvu hiyo huingia katika mbegu, na mbegu huimeng'enya ikapata chakula chake cha kwanza. Mgeni huingia nyumbani, na mwenye nyumba akamla mgeni. Zipo okidi zinazoendelea kuitegemea kuvu hata ukubwani, hasa zile za gizani, na kuvu nayo huishi katika majani yaozayo na mizizi ya msitu.

Nakueleza haya kwa sababu. Karibu na kwetu kipande cha msitu kilitiwa alama kifyekwe, barabara ipate kupanuliwa. Mzee jirani yangu, mtu mwema, alinijia na jembe begani.

"Mwalimu," akasema, "tuyang'oe maua yako tuyahamishe, yasife bure."

"Mzee wangu," nikamjibu, "ua tutalibeba, lakini lile linalolilisha tutalibebaje?"

Hakukubali, wala sikuona vema kubishana na mtu mzima. Alichimba mimea sita, akaipanda katika makopo pamoja na udongo wa msituni, akayaweka kivulini nyuma ya jiko lake. Msimu ule ilichanua, naye akanicheka. Kiazi kilikuwa na akiba yake. Mvua za mwaka wa pili ziliotesha mmea mmoja, wenye jani moja dogo lisilo na ua. Za mwaka wa tatu hazikuotesha kitu.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa lingine. Wapimaji waliotumwa kuorodhesha mimea ya kipande kile walifika mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi. Mmea huu ukisha kuzaa, shina hunyauka na majani hutoweka. Hubaki kiazi peke yake chini ya majani makavu, kikingoja mvua. Wale watu walipita wakiandika majina ya miti, kwa uaminifu, wala hawakusema uongo. Walipita juu ya viazi hivyo kwa viatu vyao, na katika orodha yao, mahali pa mimea midogo ya ardhini, wakapiga mstari.