Datsun 240Z na daftari la mjomba

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo naomba tuzungumze magari. Msijali, tutarudi kwenye programu kabla hatujamaliza.

Gari ninalolipenda kuliko yote ni Datsun 240Z. Aliyeniambukiza ni mjomba wangu, anayeuza spea Nakuru. Mwaka 1973, akiwa mtoto wa miaka 9, alisimama kando ya barabara akaliona likipita katika Safari Rally, jekundu lenye boneti nyeusi, limejaa matope. Mwaka huo Shekhar Mehta alishinda nalo. Alikuwa amelingana alama na Harry Källström, naye pia akiendesha Datsun, ikabidi kanuni ziamue. Miaka 2 kabla ya hapo, Edgar Herrmann alikuwa ameshinda kwa 240Z vilevile, Mehta akawa wa pili.

Gari hili lilizinduliwa Japani mwaka 1969, kwao likiitwa Fairlady Z. Injini ya lita 2.4, silinda 6 katika mstari mmoja, kabureta 2, nguvu za farasi kama 150, uzito wa tani 1 na ushei. Huko Marekani, ambako Yutaka Katayama alisimamia Nissan, liliuzwa chini ya dola 4,000.

Sasa tazama matoleo yaliyofuata, maana hapa ndipo mtu wa programu anapojiona kwenye kioo. 280ZX ya 1978 iliongezewa starehe, ikawa laini na nzito. 300ZX ya 1983 ilileta injini ya V6. Ile ya 1989 ilikuja na turbo 2 na farasi 300. Lilikuwa gari la ajabu, lakini bei ilipanda, wanunuzi wakapungua, na mwaka 1996 likaacha kuuzwa Marekani.

Mwaka 2002 Nissan walirudi na 350Z: hakuna turbo, viti 2, bei nafuu. 370Z, iliyotoka mwishoni mwa 2008, ilifupishwa kwa sentimita 10 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Tena kompyuta yake ilijua kupandisha mzunguko wa injini yenyewe unaposhusha gia, ili gari lisishtuke. Hiyo ndiyo programu ninayoiheshimu: inafanya kazi 1, wala huioni. Z iliyozinduliwa 2021 ina farasi 400, na bado ilikuja na gia za mkono.

Sasa kisa changu. Miaka 3 iliyopita nilimwandikia mjomba programu ya kuhesabu spea. Toleo la kwanza lilikuwa na skrini 1: andika namba ya spea, uone zimebaki ngapi. Kisha nikaongeza ripoti, michoro, nywila za ngazi 4 na picha ya kila spea. Hakuna aliyeniomba.

Mwezi uliopita nilimtembelea nikakuta kompyuta imefunikwa kitambaa, naye anaandika kwenye daftari.

"Mjomba, imeharibika?"

"Haijaharibika, kijana wangu. Inachelewa. Mteja amesimama hapo, mimi nangoja picha ya plagi ninayoijua tangu hujazaliwa."

Jamani, iliniuma. Nina digrii ya kompyuta, na nimeshindwa na daftari la shilingi 100! Nilikuwa nimemjengea 280ZX mtu aliyependa 240Z.

Usiku huo nilifungua msimbo nikaanza kufuta. Sikuandika upya, nilipunguza tu. Sasa programu ina skrini 2, na inafunguka haraka hata kwenye kompyuta yake ile kuukuu. Jumamosi naipeleka Nakuru. Daftari litakuwa pale pale kaunta, na sitamwomba aliondoe. Akiliacha mwenyewe, nitajua nimefaulu.

Na wewe je, msomaji, ni kitu gani ulichokiongeza bila kuombwa?