Hela ya Bakuli

Katika tawi letu la Yanga, huku Temeke, kuna swali ambalo huulizwa siku tumeshinda. Siku tumefungwa hakuna mwenye nafasi nalo. Siku hiyo watu wanamtafuta mwamuzi, au kipa, au mchawi. Lakini tukishinda, sauti zikishakauka na kahawa ikianza kuzunguka, lazima mtu mmoja atauliza: "Na huyu naye akiondoka je?" Haulizi kuhusu mshambuliaji. Anauliza kuhusu mwenye hela.

Asiyezijua klabu zetu atasema huo ni uchuro. Sisi tuliokuwepo mwaka 2017 tunajua swali limetoka wapi. Yusuf Manji alikuwa mwenyekiti tangu 2012, na katika misimu mitano tangu hapo Yanga ilichukua ubingwa mara nne. Mei 2017 akaachia ngazi. Tulidhani tumepoteza mwenyekiti, na mwenyekiti huchaguliwa mwingine. Kumbe mshahara wa mchezaji, nauli ya timu, hoteli ya ugenini na dau la usajili vyote vilikuwa vinategemea mfuko mmoja, na mfuko ule ulikuwa wa mtu, haukuwa wa klabu. Mwisho wa mwaka huohuo, watani zetu Simba walimpitisha Mohamed Dewji awekeze shilingi bilioni 20 kwa asilimia 49. Wakachukua ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2018 hadi 2021. Sisi tukaanza kutembeza bakuli.

Neno "bakuli" lilianza kama kejeli ya watani, lakini lilikuwa jambo la kweli. Mwaka 2018 alikuja kocha kutoka Kongo, Mwinyi Zahera. Alikuwa kocha wa mazoezi na wakati huohuo mhamasishaji wa michango. Mimi ndiye niliyekuwa nashika daftari la tawi. Bado ninalo: daftari la shule la kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mchango mkubwa kabisa humo ni shilingi 50,000, wa fundi magari mmoja ambaye hakutaka jina lake liandikwe. Mingi ni ya 1,000 na 2,000. Mama mmoja muuza vitumbua, ambaye wote tunamwamkia shikamoo, alikuwa analeta 500 kila Ijumaa, tena alisimama hapo hapo mpaka aone nimeandika.

"Andika vizuri, mwanangu," alikuwa ananiambia. "Siku moja wataiuliza hii."

Msimu ule tulimaliza wa pili. Kwa timu iliyokuwa inaishi kwa michango, ile ilikuwa heshima kubwa. Lakini daftari lilinifundisha kitu ambacho mapenzi hayafundishi. Bakuli halipangi bajeti. Mchezaji anataka mkataba wa miaka miwili, na wewe bakuli lako lina hela ya wiki mbili. Ukimsajili, umemwahidi hela ambayo haijatoka bado kwenye vitumbua vya watu.

Basi ikaja hela. Kampuni ya GSM iliingia kama mdhamini mwaka 2019, na kidogo kidogo ikawa nguzo ya nyumba. Ungedhani matatizo yaliishia hapo. Hesabu makocha. Zahera aliondolewa Novemba 2019. Akashika Charles Boniface Mkwasa kwa muda. Januari 2020 akaja Mbelgiji Luc Eymael, akaondoka Julai baada ya kuwatukana mashabiki matusi ya kibaguzi. Akaja Mserbia Zlatko Krmpotić, hakumaliza hata miezi miwili. Akaja Cedric Kaze kutoka Burundi, Machi 2021 naye akaondoka. Akashika Juma Mwambusi. Aprili 2021 akaja Mtunisia Nasreddine Nabi. Ni watu sita waliokalia kiti kimoja baada ya Zahera, kwa kama mwaka mmoja na nusu.

Kubadilisha kocha namna hiyo si gharama ya kuvunja mkataba peke yake. Kila kocha anakuja na jicho lake. Huyu anataka mawinga wenye mbio, yule anataka viungo wa kutuliza mpira. Akiondoka, wachezaji aliowataka wanabaki na mikataba yao, na anayefuata anaanza kuomba wa kwake. Mwisho unakuwa na kikosi kama kabati la nyumba ya kupanga, kila mpangaji aliyehama kaacha shati lake.

Nabi hakuanza vizuri hivyo. Julai 2021 tulipoteza fainali ya kombe mbele ya Simba, kule Kigoma. Septemba tukatolewa mapema Ligi ya Mabingwa Afrika na Rivers United ya Nigeria, bao 1-0 hapa na 1-0 kwao. Kwa kipimo cha miaka ile, mtu huyo angeshafungasha. Kwenye tawi letu wapo waliokwisha kumtafutia mrithi. Uongozi ukamwacha. Naamini uamuzi ule wa kutokufanya lolote ndio uliokuwa usajili bora wa kipindi chote. Msimu wa 2021/22 tukachukua ubingwa bila kufungwa, na tukaenda mechi 49 za ligi bila kupoteza, mpaka Ihefu walipotufunga 2-1 Novemba 2022. Aprili 2023, robo fainali ya Kombe la Shirikisho, tukakutana tena na Rivers United. Safari hii tuliwafunga 2-0 kwao, na mabao yote yalikuwa ya Fiston Mayele.

Mayele naye hakuokotwa. Alitoka AS Vita ya Kinshasa mwaka 2021, kwa njia ambayo Tuisila Kisinda na Mukoko Tonombe walikuwa wameshaipita. Djuma Shaban naye alitoka hukohuko. Mwaka huo alikuja pia kipa Djigui Diarra kutoka Mali, na Khalid Aucho, Mganda, akasimama katikati. Ukitazama utaona kwamba klabu iliacha kununua jina, ikaanza kununua nafasi: hapa pana shimo, nani analiziba? Mwaka 2023 Mayele akauzwa Pyramids ya Misri. Mrithi aliyeletwa, Hafiz Konkoni, hakuwaka. Timu ikawa bingwa tena, kwa sababu mabao yalihamia kwa Stephane Aziz Ki, aliyefunga 21 kwenye ligi. Enzi za bakuli, kumpoteza mtu kama Mayele kungetuua.

Hela, basi, ilileta utulivu. Lakini pia ilileta uwezo wa kukosea bila kuumia, na hapo ndipo mimi ninapokosa usingizi. Miguel Gamondi alitupa ubingwa wa 2023/24 na ule ushindi wa 5-1 dhidi ya Simba, ambao watoto wa mtaani kwetu bado wanauhesabu kwa vidole. Novemba 2024, baada ya kufungwa mechi mbili mfululizo na Azam na Tabora United, akaondolewa. Akaja Sead Ramovic, naye kabla ya kuzoeleka akaenda Algeria. Akaja Miloud Hamdi. Msimu mmoja, makocha watatu, na bado tukawa mabingwa. Watu walicheka, wakasema Yanga hata ikifundishwa na mpiga ngoma inachukua. Mimi nilikumbuka 2020. Ugonjwa ni uleule. Safari hii mgonjwa ana hela ya dawa.

Tazama hela yenyewe. Mwaka 2021 Azam Media ilinunua haki za kuonyesha ligi kwa miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6. Ni nyingi, lakini ni za ligi nzima. Mwaka 2022 SportPesa ilisaini na Yanga mkataba wa miaka mitatu wa zaidi ya bilioni 12. Kwa msimu wa 2023/24 mapato yalivuka bilioni 21, na matumizi yakayapita, pengo likiwa kama bilioni moja. Klabu bingwa, yenye jezi mtaani kote, ilitumia zaidi ya ilichoingiza. Pengo kama hilo huzibwa na mtu. Na anayeziba pengo ndiye anayesikilizwa.

Kwenye karatasi, wenye klabu ni sisi. Katiba iliyopitishwa 2021 iliweka mfumo wa asilimia 51 kwa wanachama na 49 kwa wawekezaji. Mwaka uliofuata ukatupa rais wa kwanza, Injinia Hersi Said. Nilimweleza mama wa vitumbua habari za asilimia hizo, nikachora na duara kwenye mchanga. Akalitazama.

"Zile mia tano zangu ziko upande gani?"

Nikamwambia ziko humo kwenye 51.

"Zimeandikwa?"

Hazikuandikwa popote, isipokuwa kwenye daftari langu. Mwekezaji akiweka hela hupimwa, hupewa hisa na kiti. Hela iliyolipa nauli ya timu wakati hakuna mwingine wa kulipa, hiyo imeitwa mapenzi, na mapenzi hayana hisa. Sidai arudishiwe. Wala yeye hadai. Ninachotaka ni kwamba ile 51 ifanye kazi kama 51: kocha akifukuzwa, tuambiwe imegharimu shilingi ngapi, mchezaji akiuzwa, tujue fungu gani limewekwa akiba kwa ajili ya mwaka ambao mtu ataachia ngazi. Mwaka huo utakuja. Manji hakuwa mtu mbaya. Alichoka au alibanwa, kama binadamu yeyote, na amekwisha tangulia mbele ya haki tangu 2024. Kosa lilikuwa la nyumba iliyojengwa juu ya nguzo moja.

Siku hizi taarifa ya mapato na matumizi ikitoka naichapa, naibandika ukutani kando ya ratiba. Mwanzoni ilisomwa na wawili. Sasa kuna kijana wa bodaboda anayekuja na kikokotoo cha simu. Wiki iliyopita walibishana hadi saa nne usiku, na kwa mara ya kwanza sikusikia jina la mwamuzi hata mmoja.