Wiki ya Vipepeo: Shajara ya Darasa la Pili, Houston

Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Imla ya wiki hii, katika darasa letu la lugha mbili, Kihispania na Kiingereza, ni sentensi mbili za Kihispania: “La mariposa monarca pesa medio gramo. Vuela hasta México sin conocer el camino.” Kipepeo monaki ana uzito wa nusu gramu, huruka hadi Meksiko bila kuijua njia. Mwalimu amezisoma polepole, watoto 22 wameinamia madaftari, kisha kila mmoja amesahihisha kazi yake kwa kalamu ya rangi nyingine. Hakuna maksi. Imla hiyohiyo itarudi Jumatano na Ijumaa, na kila mtoto ataona mwenyewe alipotoka na alipofika.

Nimepita katikati ya madawati nikichungulia. Wanaozungumza Kihispania nyumbani wanakosea mambo yaleyale. Wanaandika “Buela”, kwa kuwa masikioni mwao b na v ni sauti moja, na “asta”, kwa kuwa h ya Kihispania haitamkwi. Binti anayekaa dirishani, ambaye kwao ni Kiingereza kitupu, ameiweka h mahali pake lakini irabu zimemvuruga. Na mtoto wetu wa Kivu ameandika “Bwela”. Hilo nimelitambua papo hapo, maana ni sikio la Mswahili. Familia yake ilipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na huko dada yake ndiye aliyemfundisha ba, be, bi, bo, bu. Hapa Kihispania kinaanza kusomwa vivyo hivyo, kwa ma, me, mi, mo, mu, na irabu tano zilezile tulizonazo sisi. Hivyo alipoingia darasa hili alikuta mlango uko wazi. Kiingereza, chenye herufi zinazobadili sauti kila mahali, kinamjia taratibu.

Jumanne, 22 Oktoba

Siku ya Kiingereza kwa salamu na matangazo. Lugha zetu mbili hupokezana siku, ila masomo hayabadilishi lugha yake: hisabati ni Kiingereza siku zote, sayansi na maarifa ya jamii ni Kihispania, kusoma na kuandika ni kwa zote mbili. Kwenye ubao, cha Kiingereza kinaandikwa kwa buluu na cha Kihispania kwa nyekundu, hata mtoto akiingia amechelewa anajua tupo wapi.

Kutoa kwa kukopa, 52 kutoa 27. Binti wa Honduras amehesabu kwa vidole chini ya meza, midomo ikichezacheza, “doce, once, diez”, kisha akanyoosha mkono na kutoa jibu kwa Kiingereza safi: ishirini na tano. Mwalimu aliiona ile midomo na hakumkatiza. Nilifurahi sana. Kichwani mtoto apite njia anayoijua.

Wa Kivu amenivuta kanzu. “Mama, nikope kumi?” Nikamwambia, “Kopa, baba.” Akakopa, akapata.

Jumatano, 23 Oktoba

Siku ya sayansi. Wiki hizi monaki wanapita hapa, wanafuata ukanda wa pwani ya Ghuba ya Meksiko kuelekea kusini, kwenda kukaa majira ya baridi kwenye misitu ya Michoacán na jimbo jirani, juu milimani, kama mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Tulitoka hadi bustani ya shule. Tukawakuta, wamening'inia kwenye maua, mabawa ya rangi ya chungwa yenye mistari myeusi yakifunguka na kufumba. Darasa zima lilijisahau, kelele hadi barabarani.

Mtoto mmoja akauliza swali ambalo ndilo somo lenyewe: nani aliwaonyesha njia? Mwalimu akajibu kwa Kihispania, kwa mikono na kwa mchoro wa chaki sakafuni. Hakuna aliyewaonyesha. Wanaokwenda sasa wamezaliwa kaskazini mwishoni mwa kiangazi; walioondoka Meksiko mwezi Machi ni mababu zao, nao walishakufa zamani. Jua ndilo linalowapa mwelekeo. Watoto wenye jamaa Michoacán, na hapa hawakosekani, walinyamaza wakasikiliza kama wanaohadithiwa habari za kwao.

Ninachotaka nisisahau ni wale wawili. Watoto hukaa wawiliwawili, mwenye nguvu katika lugha hii na mwenye nguvu katika ile. Jana binti wa dirishani ndiye aliyemsomea mwenzake wa Honduras mafumbo ya hisabati. Leo yeye ndiye aliyekwama. Alikuwa anaona kiwavi na anaona gamba la bundo, lakini maneno hayaji. Mwenzake akamwonyesha kwa kidole, akamtamkia, akamngoja. Akamngoja tena. Mtoto wa miaka saba kumngoja mwingine kiasi hicho sijaona mara nyingi. Katika darasa hili hakuna anayekuwa mjuzi wiki nzima, wala hakuna anayekuwa mjinga wiki nzima. Sijui shule nyingi zinazoweza kusema hivyo.

Lakini niandike na hili. Kengele ya mapumziko ikilia tu, wote wanahamia Kiingereza, hata wale ambao mama zao hawakijui. Ndiyo lugha ya mpira, ya katuni na ya simu. Hakuna anayewaamuru, ni uzito wa mtaa. Kwa hiyo mwalimu anakilinda kipindi cha Kihispania kwa ukali: hatafsiri hata sentensi moja. Wazazi wengine wanaona anawatesa watoto. Mimi naona yuko sahihi, kwani kipindi hicho kikilegea hakuna mahali pengine patakapokibeba Kihispania.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo bibi ya mmoja wao alikuja kusaidia kutengeneza maua ya karatasi ya altare ya Siku ya Wafu. Ni mzaliwa wa Texas, kusini kabisa karibu na mpaka. Wakati watoto wanakata karatasi alinisimulia, kwa sauti ya kawaida tu, jinsi alivyochapwa rula mikononi mwaka wake wa kwanza shuleni kwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kihispania. Kiingereza alikuwa hajui hata neno. Sheria ya jimbo hili ya mwaka 1918 ilifanya kufundisha kwa lugha isiyo Kiingereza kuwa kosa la jinai, na iliendelea hadi 1969. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Januari 1968, Rais Lyndon Johnson alisaini sheria ya kwanza ya taifa ya elimu kwa lugha mbili. Johnson, mwenyeji wa Texas mwenyewe, aliwahi kuwa mwalimu wa watoto wa Kimeksiko katika mji mdogo wa Cotulla, mwaka 1928, na aliwaona wakija shule na njaa. Leo Texas inailazimu wilaya ya shule yenye wanafunzi 20 au zaidi wa darasa moja na lugha moja, ambao hawajakimudu Kiingereza, iwafundishe kwa lugha mbili. Bibi amefika kumwona mjukuu wake akiandika ubaoni, kwa nyekundu, bila woga.

Nami nikakumbuka kibao. Sekondari niliyosoma, nyumbani Tanzania, aliyekutwa anazungumza Kiswahili alivalishwa kibao shingoni hadi amkamate mwingine. Darasa la sita tulikuwa tunajua, tena vizuri, jinsi jani linavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Tungeweza kubishana na mwalimu. Kidato cha kwanza somo hilohilo lilirudi kwa Kiingereza, na vinara wetu wakakaa kimya, wakikariri madondoo ya ubaoni neno kwa neno. Walichokijua hakikuulizwa. Hakuna aliyetuambia: hiki mnakijua tayari, sasa tukivushe. Sera ya elimu ya 2014 ilikuja kukubali Kiswahili kufundishia ngazi zote, lakini watoto wa shule za serikali bado wanapokewa kidato cha kwanza kwa Kiingereza. Jambo hili linaniuma hadi leo, na nikikaa darasa hili linaniuma zaidi, maana naona kwa macho kwamba kuvusha huko kunawezekana.

Ijumaa, 25 Oktoba

“El puente”, daraja. Yote yaliyosomwa wiki nzima kwa Kihispania leo yamevushwa kwenda Kiingereza. Mwalimu hakurudia somo, kipepeo ameshajulikana. Ubao umegawanywa sehemu mbili, nyekundu kushoto, buluu kulia, na watoto wenyewe ndio wanaojaza. Walipofika maneno yanayoishia na “-ción” wakagundua kwamba upande wa pili yanaishia na “-tion”, wakaanza kutafuta mengine kwa fujo, wengine wakisimama juu ya viti. Hakuna aliyewaambia kanuni hiyo, wameiokota wao.

Imla ya mwisho: wengi hawana kosa au wana moja. Wa Kivu ameandika “Vuela”, akaikolezea ile V kwa penseli.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimekutana na mama wa mtoto wa Kivu sokoni, mtaa wa Gulfton. Amenisalimu kwa Kiswahili cha Bukavu, akanishika mkono, hakuuachia. “Mwalimu, mutoto atachanganyikiwa? Kihispania, Kiingereza, na sisi nyumbani tunasema Kiswahili. Tuache?”

Nimemwambia: Mama, msiache. Kiswahili ndicho kilichomfundisha kusoma, hizi nyingine zimepanda juu yake. Mhadithie, mhesabishe pesa za sokoni, mgombeze kwacho, mwombee kwacho. Akikujibu kwa Kiingereza wewe endelea na chako. Shule itampa hizo mbili, ya kwako hakuna wa kumpa isipokuwa wewe.

Tumekubaliana kuanzia Jumatatu amlete nusu saa kabla ya kengele, nimfundishe kuandika Kiswahili. Daftari nimeshanunua.